Siku Mama Aliposhuka Shimoni

Nianze na Waingereza, maana bila wao nisingekuwa na kisirani hiki nilicho nacho. Mwingereza anaweza kukaa mlango wa pili na wewe miaka nenda miaka rudi asikuulize umeamkaje. Lakini mwonyeshe mfu wa zama za Warumi! Atapiga magoti kwenye tope, atampuliza vumbi taratibu asije akamuumiza, atampigisha mswaki jino mojamoja. Sikuhadithiwa. Nilikuwa mmoja wa hao wapiga mswaki, na nilikuwa naipenda kazi ile kupita kiasi.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Tooting, vyumba viwili juu ya duka la viatu, mimi na Baba na Mama. Sisi ni Wahindi wa Unguja, Waislamu, tuliokimbilia London baada ya mapinduzi. Kisha wakaja wenzetu wa Kenya, kisha wa Uganda, kila mtu na sanduku lake na hadithi yake ya duka alilonyang'anywa. Nyumbani tukiwa na amani tulisema Kikachi, lugha ya babu zetu. Tukigombana tulihamia kwenye Kiswahili, ndiko ulimi ulikokata vizuri. Mwaka ninaousimulia, nyumba yetu ilisema Kiswahili asubuhi mpaka jioni.

Ugomvi ulikuwa wa kaburi. Mdogo wangu wa kiume alikufa kwa homa Unguja, hajamaliza hata juzuu ya kwanza chuoni, na tukaondoka kabla udongo wake haujakauka vizuri. Kwa muda ule mfupi uliobaki Mama alikuwa kila Alhamisi anachuma mrehani uani, anaufunga kwenye kitambaa, anampa Baba akauweke kaburini. Tulipopanda ndege alikula kiapo mbele yetu: London ni mahali pa kungoja tu. Siku Mungu akimchukua, mwili wake urudishwe Unguja, alazwe ubavuni mwa mwanawe. Baba akasema ndiyo, mimi nikasema ndiyo. Hapo Mama akawa mtu wa safari. Hakununua pazia, hakujifunza Kiingereza, hakutaka kujua jina la jirani. Ukimwambia kuna baridi, anakujibu, "Kwani mimi nakaa?"

Basi akaja jamaa yetu mmoja kutoka Unguja, amepita London akielekea Kanada. Tukampikia biriani. Akala, akaongeza, akanawa mikono, ndipo akatoa habari. Makaburi ya upande ule wetu hayapo tena. Limepita tingatinga, pakasawazishwa, pamejengwa. Hakuna aliyeulizwa. Baba akaweka glasi chini. Mama akauliza, "Na mifupa?" Yule bwana akachokoa meno, akasema, "Mifupa gani tena, shangazi? Udongo ni udongo."

Mpaka leo nikimkumbuka mtu yule natamani ile biriani imkabe. Mama hakulia. Alikusanya sahani, akaingia jikoni, na alipotoka akanitazama mimi, si yule mgeni. "Na huyu wangu," akasema, "Jumamosi huwa anakwenda kuwachimba wafu wa wenzake."

Kweli nilikuwa nachimba. Siku za wiki nilipiga pasi mashuka ya hospitali, kazi ambayo ukimaliza leo unaikuta palepale kesho. Jumamosi nilikwenda mjini kati, ambako walikuwa wamevunja jengo la zamani ili wajenge maofisi, na chini yake wakakuta makaburi ya Warumi. Walitaka watu wa kujitolea. Nilijiandikisha kwa udadisi tu, lakini siku ya kwanza niliyoshikishwa mwiko wa mwashi na burashi, nikaambiwa kwangua taratibu, nikaona mfupa ukitokeza kwenye udongo mweusi, moyo ulinitulia kwa mara ya kwanza tangu tuje nchi hii. Bwana mkubwa wa uchimbaji, Mwingereza mrefu mwenye kofia ya pamba, akaona mkono wangu mwepesi. Akaniambia kuna nafasi moja ya kuajiriwa, na kwamba atanipa kaburi moja nilifanye peke yangu mwanzo hadi mwisho, nikilitoa vizuri nafasi ni yangu. Wallahi sikulala kwa furaha. Nyumbani nikaisema habari hiyo na hakuna aliyenipongeza.

Kwa Mama hakukuwa na tofauti kati yangu na lile tingatinga. Toka siku ya yule mgeni alikuwa hanisemeshi ila kwa shari. Nikitia chumvi, "Tia, tia, umezoea kufukia na kufukua." Nikioga sana, "Oga, harufu ya wafu haitoki." Na mimi ulimi sikuukalia. Nilimjibu mambo ambayo mtoto hamjibu mama yake, tena kwa sauti, mpaka mwenye duka la viatu akagonga dari yake kwa fimbo.

Asubuhi ya siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, ya mwisho kwetu pale, kwa sababu wenye jengo walitupa mpaka siku ile tu. Nilikuwa navaa buti mlangoni, Mama kasimama na kikombe chake.

"Leo mnamfukua nani?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa na hasira tangu jana yake, nikasema, "Mtoto."

Nikateremka ngazi nikaufunga mlango wa chini kwa kishindo.

Kaburi langu lilikuwa pembeni kabisa, karibu na ubao uliozungushiwa uwanja. Wiki iliyopita nilikuwa nimefika kwenye fuvu tu, nikalifunika kwa turubai. Siku ile nikaanza kushuka. Mtoto mdogo, meno ya utotoni bado yamo. Hakulazwa chali kama wale wengine. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, kiganja kimoja chini ya shavu. Mkononi alikuwa na bangili ya shaba iliyooza ikawa kijani. Bwana mkubwa akaja akainama, akafurahi, na akifurahi hakuna kumnyamazisha: akaanza na Waetruska wake. Ujana wake alichimba makaburi yao huko Italia, na kila kitu tulichokipata London yeye aliwahi kukiona kizuri zaidi kwao. Watu wa ajabu, alisema, walichora karamu kwenye kuta za makaburi, mume na mke wamejiegemeza wanakunywa, wanacheka, kisha Warumi wakawameza, na leo maandishi yao yanasomeka kwa sauti lakini mengi hakuna ajuaye maana yake. "Hata walikotoka, watu bado wanabishana," akasema, akanitazama kama anayetaka kuniuliza jambo. Nikaendelea kupiga burashi.

Saa za chai wapita njia walichungulia kupitia matundu ya ubao. Mmoja akaniona mimi na shungi langu kati ya Wazungu, akapaza sauti, "Chimba, chimba mpaka utokee Bara Hindi!" Mwenzangu wa shimo la pili akacheka, kisha akaniomba radhi kwa kucheka. Nikamwambia hapana neno. Nini kingine ungesema? Ukijibu kila mmoja nchi hii, utakufa umekauka koo.

Mchana ulipopinduka nikasikia kimya kimeanguka uwanjani. Nikainua kichwa. Mama yangu amesimama juu ya ngazi ya mbao, kavaa koti la Baba juu ya nguo zake za nyumbani, viatu vya plastiki, mtandio mweupe kichwani.

Nilidhani Baba amekufa. Mama alikuwa hajawahi kupanda treni ya chini peke yake. Jumapili moja nilimpitisha nje ya pale kumringia kazi yangu, akageuza uso wake kama aliyepitishwa jalalani. Kumbe njia aliitia akilini.

"Mama! Kuna nini?"

"Nimekuja kukuchukua," akasema. "Toka humo." Na kabla hatujamzuia, akageuka, akashika ngazi, akashuka kinyumenyume, koti linaburura tope, mpaka akasimama ukingoni mwa kaburi langu. Akamwona yule mtoto.

Nilimwona anatazama kile kiganja chini ya shavu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kibla wapi hapa?"

Mimi bila kufikiri nikanyoosha kidole, kusini mashariki, upande wa kuelekea mtoni. Naijua kibla popote nilipo, ndivyo tulivyolelewa. Mama akafuata kidole changu kwa macho, akarudi kwa mtoto, akafuata tena. Nami ndipo nilipoona alichokiona. Ubavu wa kulia. Uso umeelekea kulekule nilikoonyesha. Nilitamani ule mkono niukate.

"Astaghfirullahi," Mama akasema. "Mnamfukua mtoto wa Kiislamu."

"Mama, si Muislamu. Huyu ni wa kale, kabla hata Mtume hajazaliwa."

"Nani kakwambia?"

"Wamepima. Udongo, vyungu, ile bangili..."

"Ulikuwepo akizikwa?"

"Mama—"

"Nimekuuliza, ulikuwepo? Kalazwa ubavu wa kulia. Kaelekezwa. Mikono ya mtu anayejua ndiyo iliyomlaza, na wewe, binti yangu niliyekufunza kusali, unamkwangua kwa mwiko wa mwashi!" Akavua mtandio kichwani, mbele ya wanaume wote wale, akamfunika mtoto kutoka fuvu mpaka miguuni. Kisha akaketi. Kwenye tope, na koti la Baba, akakunja miguu akaanza kusoma Yasini.

Kwa watu wetu maiti haachwi wazi na haachwi peke yake. Hilo sikuhitaji kuelezwa. Lakini jaribu kumweleza Mwingereza mwenye kofia ya pamba ambaye mwanga unamkimbia na picha bado hajapiga. Alikuja, mwanzo kwa adabu, "Bibi huyu ni nani?" Nikasema mama yangu. Akasema mfahamishe ni mifupa ya Warumi. Nikamfahamisha. Mama akaendelea kusoma. Akasema mfahamishe kwamba Warumi walilaza watu kila upande, ni bahati tu. Nikamfahamisha. Mama akasema, bila kuinua macho, "Mwambie na mimi ni bahati tu nimekaa hapa."

Hilo sikulitafsiri. Uwanja mzima umesimama unatutazama. Sitasema uongo, nilimwonea Mama aibu mpaka masikio yakawaka, na palepale nikawachukia wote kwa kuwa wameniona nikimwonea aibu.

Bwana mkubwa akatazama saa. "Sikiliza," akaniambia, sasa hana adabu tena, "mimi sina ugomvi na imani ya mtu. Lakini Jumatatu mashine inaingia hapa. Asipotoka leo hatoki tena. Mwambie mama yako achague."

Nikachuchumaa. "Mama. Jumatatu linakuja tingatinga."

Akakata kisomo katikati ya aya. Sijawahi kumwona akikata kisomo, si kabla wala baada ya siku ile.

"Tingatinga?"

"Ndiyo. Wanajenga maofisi. Tusipomtoa sisi leo, litampitia."

"Mwenyewe kaulizwa? Watu wake?"

"Hana watu, Mama. Wote wamekwisha."

Alitazama ule ubao, kisha zile nyumba ndefu nje ya ubao, kisha mikono yangu. Akainua upande mmoja wa mtandio. "Haya mtoe," akasema. "Nikuone unavyomtoa."

Basi nikamtoa mbele ya mama yangu. Picha zikapigwa, vipimo vikachukuliwa, yeye hakusogea ila hatua ya kupisha kamera. Nikaanza na miguu. Kila mfupa nilipouinua aliufuata kwa macho mpaka kwenye mfuko. Vidole vya mguu wa kulia mfuko wake, vya kushoto mfuko wake. Mama akasogea karibu.

"Mbona unavitenga?"

"Visichanganyike, Mama. Wa kulia ubaki wa kulia."

"Hata vidole?"

"Hata kucha zingekuwepo."

Nilipofika mkononi kuna kimfupa kimoja cha kidole kiliniponyoka, kikaangukia topeni. Kabla sijakunja mgongo bwana mkubwa mwenyewe alishapiga magoti. Mtu mzima, suruali safi. Akapekua tope kwa ncha za vidole, akalichekecha kwenye chujio, akalichekecha tena, mpaka akakipata. Kidogo, kama punje ya mchele. Akakipuliza, akanikabidhi. Mama alikuwa anamtazama yeye sasa, hanitazami mimi.

Tulipomaliza, mtoto mzima alienea kwenye boksi la karatasi ngumu lililotandikwa karatasi laini. Mama akauliza, "Wanampeleka wapi?"

"Stoo ya makumbusho."

"Kufanya nini?"

"Atakaa kwenye rafu. Ana namba yake. Imeandikwa alikolala, alivyolala, na upande alioelekea."

"Upande alioelekea umeandikwa?"

"Umeandikwa."

"Na mtu akija baadaye akimtaka? Baada ya miaka?"

"Atasema namba, watamletea."

Mama akaweka kiganja juu ya kifuniko cha boksi. Hakuna aliyemkataza. "Wangu hakuokotwa hata jino," akasema. Nikataka kumkumbatia lakini mikono yangu yote ilikuwa tope, na yeye akawa tayari ameokota mtandio wake, anaukung'uta ili ajifunge.

Nilipokuwa naosha mwiko wangu bwana mkubwa akaniita kando. Alisema kazi yangu ni safi. Halafu akasema, kwa upole uleule wa kukuchinja huku anakupapasa, kwamba kazi hii yataka moyo usioguswa na mambo, na kwamba huenda watu wetu wanaichukulia karibu mno. Ile nafasi amempa kijana fulani wa chuo kikuu. Kijana yule nilimjua. Mwezi mmoja nyuma alikanyaga fuvu la mtu kwa buti, wakacheka wote, yakaisha. Nilitaka kulisema hilo na mengine, lakini Mama alikuwa ananingoja langoni na baridi imeanza. Nikaurudisha mwiko kwenye sanduku lao.

Kwenye treni ya chini tulipata viti kwa haraka, maana watu walituhama. Tulinuka tope la makaburi, na koti la Baba limeganda mpaka kiunoni. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yetu akavuta skafu akafunika pua, akasema kitu kwa mwenzake juu ya watu hawa na maji. Mimi nilisikia. Mama hakujua maneno lakini ile skafu aliielewa.

"Yule bwana alikuita akakwambiaje?" akaniuliza.

"Kanambia nisirudi. Kazi kampa mwingine."

"Kwa ajili yangu?"

Akanichukua mkono, mara ya kwanza tangu siku ya yule mgeni, akaanza kunitoa tope chini ya kucha kwa ukucha wake mwenyewe, kidole baada ya kidole. Stesheni kadhaa zikapita hivyo. Nilikuwa nimejaa machozi ya hasira na sitaki wale wanawake wayaone.

"Nikifa," akasema, "msinisafirishe."

"Mama, usianze."

"Sianzi. Kule nitakwenda kulala na nani? Nizikeni hapahapa. Mnilaze vizuri, mnielekeze, basi."

Nikashindwa kujizuia. Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, behewa zima likageuka. "Hapa? Hapa, Mama? Huoni wanavyotutazama? Mimi wamenifukuza sasa hivi! Watu hawa hawatutaki!"

"Najua," Mama akasema, anaendelea na kucha zangu. "Nani kakwambia nataka wanitake? Mimi nataka nikifukuliwa niokotwe."